Shajara ya mradi: barafu inayovuka latitudo 79 kupitia Mlangobahari wa Fram

Lango

Lengo la mradi ni kupata, siku kwa siku, kilomita za mraba za barafu ya baharini zinazotoka Bahari ya Aktiki kwenda kusini kati ya Greenland na Svalbard. Data kuu ni picha za rada za Sentinel-1, setilaiti za Ulaya. Lango tulilolichora linafuata latitudo 79 Kaskazini, kutoka longitudo 15 Magharibi hadi 5 Mashariki. Kwenye latitudo hiyo digrii moja ya longitudo ni kilomita 21.2 tu, hivyo lango lote lina urefu wa takriban kilomita 425. Tumeligawa kwa nusu digrii, tukapata vipande 40 vya takriban kilomita 10.6 kila kimoja.

Tungeweza kuchagua latitudo 82, na wapo wanaofanya hivyo kwa sababu huko barafu ni nzito na hushikika vizuri kwenye picha. Tumebaki na 79 kwa sababu Taasisi ya Polar ya Norwe imetega vifaa vya sauti chini ya maji karibu na mstari huu tangu 1990, na vifaa hivyo hupima unene wa barafu vikiwa vinatazama juu. Eneo tukilipima sisi na unene wakiupima wao mahali pamoja, ujazo unapatikana bila kukisia barafu ilibadilika kiasi gani njiani.

Barafu inayopita hapa husukumwa na upepo na Mkondo wa Mashariki mwa Greenland. Mwendo wa sentimita 20 kwa sekunde ni wa kawaida, nao ni kilomita 17.3 kwa siku. Kwa mfano, ikiwa kilomita 300 za lango zina barafu inayofunika asilimia 90 ya maji na inasogea sentimita 10 kwa sekunde, kwa siku moja zinavuka kilomita za mraba 2,333. Tarakimu hiyo tunaiweka karibu kama kipimo cha akili. Programu ikitoa kitu kilicho mbali nayo kwa mara kumi, kosa liko kwenye vizio, si kwenye barafu.

Picha

Tunachukua picha za mkao mpana wa Sentinel-1, upana wa kilomita 400, pikseli za mita 40. Kwenye jina la faili tafuta EW_GRDM_1SDH. Herufi DH zinaonyesha kwamba zipo chaneli mbili. Katika HH wimbi hutumwa likiwa limelala na kupokelewa likiwa limelala, na katika HV hutumwa likiwa limelala, kisha hupokelewa lile lililosimama. Faili zenye SH zina HH peke yake, na tumeziacha kwa sababu zitakazoonekana chini.

Picha moja ina takriban pikseli elfu kumi kwa elfu kumi, baiti mbili kwa kila pikseli, chaneli mbili. Hiyo ni kama megabaiti 400 kabla ya kufinywa. Picha ni za bure kutoka hifadhi ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia, lakini bando si la bure. Omba kwanza orodha ya picha zinazogusa lango, ziunganishe kwenye karatasi kuwa jozi, yaani picha mbili za eneo moja zilizopishana takriban siku moja, ndipo upakue. Ukipakua kila kinachotokea, sehemu kubwa ya ulichokilipia haitapata mwenza.

Rada haihitaji jua, na kwenye latitudo 79 hilo ndilo linaloamua kila kitu, maana kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi. Mawingu nayo hayaizuii.

Idadi ya picha imepanda na kushuka. Sentinel-1A iko angani tangu Aprili 2014. 1B ilifuata Aprili 2016 na ikanyamaza Desemba 2021 kwa hitilafu ya umeme. 1C ilirushwa Desemba 2024. Anayetaka kulinganisha mwaka na mwaka lazima alichukue hilo kwenye hesabu, kwa sababu miaka yenye setilaiti moja ina mapengo mengi zaidi, na mapengo, kama tutakavyoona, huegemea upande mmoja.

“Siku moja” si saa 24

Mtego huu haupigi kelele. Sentinel-1 huzunguka dunia mara 175 kila siku 12, yaani dakika 98.7 kwa mzunguko. Mizunguko 14 ni saa 23.04, mizunguko 15 ni saa 24.69. Hakuna jozi ya saa 24 kamili. Ukigawa umbali kwa siku moja kwa kuangalia tarehe tu, kasi ya jozi ya kwanza inapungua kwa asilimia 4 na ya pili inazidi kwa karibu asilimia 3. Tunasoma saa, dakika na sekunde kutoka kwenye jina la faili. Picha yenyewe huchukua takriban dakika moja kupigwa, na dakika hiyo tunaiachilia.

Kati ya aina hizo mbili tunapendelea jozi ya saa 24.69, kwa sababu ya kupwa na kujaa. Wimbi kuu la maji huchukua saa 12.42, kwa hiyo mawili ni saa 24.84. Barafu iliyokuwa ikisukumwa mbele na nyuma na maji inakuwa imerudi karibu kabisa pale ilipoanzia, na kinachobaki kwenye kipimo ni mwendo wa kweli wa kuelekea kusini. Jozi ya saa 23.04 inakatiza wimbi la pili likiwa bado na saa 1.8, na wakati wa bamvua juu ya maji mafupi ya mwambao wa Greenland mabaki hayo yanaonekana. Barafu ina pia mzunguko wake unaotokana na kuzunguka kwa dunia, ambao kwenye latitudo 79 huchukua saa 12.2. Huo nao hufutika vizuri zaidi kwenye jozi ndefu.

Kuna gharama. Baada ya mizunguko 15 njia ya setilaiti inakuwa imehama digrii 10.3 kuelekea magharibi, ambazo hapa ni kilomita 218 zikipimwa juu ya mstari wa latitudo. Baada ya 14 imehama digrii 14.4 kuelekea mashariki, kilomita 306. Njia hupita mshazari, kwa hiyo picha hufunikana zaidi ya tarakimu hizo zinavyoashiria, lakini bamba lilelile la barafu litakuwa karibu na ukingo mmoja wa picha ya kwanza na katikati ya picha ya pili. Pembe ambayo rada inalipigia inabadilika.

Kuandaa picha

Pembe hiyo huanza digrii 19 kwenye ukingo wa karibu na kufika 47 kwenye ukingo wa mbali. Katika HH mwangwi wa barafu hupungua kadiri pembe inavyokua, takriban desibeli 0.2 hadi 0.3 kwa kila digrii. Tunaondoa mteremko huo kwa mstari mnyoofu kabla ya kulinganisha chochote. Maji yaliyochafuliwa na upepo yana mteremko mkali zaidi, kwa hiyo marekebisho yanayoifaa barafu yataacha maji yakiwa na rangi ya ajabu. Hilo halitusumbui, maji hatuyahitaji.

HV haibadiliki sana kwa pembe na inatofautisha barafu kongwe na changa vizuri zaidi. Ugonjwa wake ni kelele. Mwangwi wa HV ni dhaifu, unakaribia kelele za kifaa chenyewe, na picha inatoka na mistari mirefu pale mikanda yake mitano inapokutana. Mkanda wa kwanza ndio mbaya kuliko yote. Usipoisafisha, programu itaona mistari hiyo kama alama nzuri sana na kuifuatilia, na kwa kuwa mistari inafuata setilaiti wala si barafu, utapata mishale mingi safi inayoonyesha mwendo ambao haupo. Viwango vya kelele vimeandikwa ndani ya kila faili, kwenye folda ya urekebishaji. Tangu Machi 2018 vimetenganishwa viwili, kimoja kwa upana wa picha na kimoja kwa urefu. Toa vyote viwili.

Baada ya hapo tunapunguza picha hadi pikseli za mita 80 kwa wastani, jambo linalopunguza pia chengachenga za rada, na kuigeuza kuwa ya biti 8. Mipaka ya mwangaza, kwa kipimo cha kawaida na si desibeli, ni 0 hadi 0.08 kwa HH na 0 hadi 0.013 kwa HV. Mipaka hiyo isibadilike kutoka picha hadi picha. Programu nyingi hunyoosha rangi za kila picha kivyake ili ipendeze macho. Zima kitu hicho.

Hatua ya kwanza: pointi bainifu

Kufuatilia barafu ni kutafuta kitu kilekile kwenye picha mbili. Tunaanza na ORB, mbinu ya kompyuta iliyomo ndani ya OpenCV, maktaba huria ya programu za kuchakata picha. Inatafuta pointi zenye kona kali, inaandika mazingira ya kila pointi kama mfuatano wa biti 256, kisha inalinganisha mifuatano. Tumeweka pointi 100,000 kwa picha, kipande cha pikseli 34, na ngazi 7 za ukubwa. Mlingano unakubaliwa pale tu umbali wa mshindi wa kwanza ukiwa chini ya 0.75 ya umbali wa mshindi wa pili. Bila sharti hilo uwanda wa barafu changa, ambao hufanana kila mahali, hujaza ramani kwa takataka.

HV hutoa mishale ya mwendo mara kadhaa ya HH. Ndiyo sababu ya kuacha faili za SH.

ORB ina kasoro moja kubwa: huchagua yenyewe mahali pa kupima. Palipo na matuta na nyufa mishale inasongamana, palipo sawa hakuna kitu, na lango letu linataka kipimo kila kilomita 10.6. Kwa hiyo matokeo yake ni kadirio la awali tu.

Hatua ya pili: kulinganisha vipande

Kwenye kila pointi ya lango, na kwenye gridi ya jirani, tunakata kipande cha pikseli 64 kwa 64 kutoka picha ya kwanza, yaani kilomita 5.1, na kukitelezesha juu ya picha ya pili tukitafuta mahali kinapofanana zaidi.

Hapa ndipo kadirio la awali linapojilipa. Kama tungetafuta bila kujua lolote, tukiruhusu mwendo hadi mita 0.5 kwa sekunde, kwa saa 24 ni kilomita 43.2, pikseli 540 kila upande, mahali pa kujaribu zaidi ya milioni 1.1 kwa kila kipande. Kwa kuanzia kwenye jibu la ORB na kuruhusu tofauti ya mita 0.1 kwa sekunde, upande ni pikseli 108, mahali 47,089. Kazi imepungua karibu mara 25, na nafasi ya kuangukia bamba linalofanana kwa bahati imepungua vilevile.

Akiba hiyo sehemu yake tunaitumia kwa mzunguko. Mabamba hugeuka, hasa karibu na ukingo wa barafu, na kipande kilichogeuka hakifanani tena na chenyewe. Tunajaribu pembe saba, kutoka -9 hadi +9 kwa digrii tatutatu, na kuchukua yenye alama ya juu. Kwenye ukingo wa mashariki haitoshi, ila kupanua zaidi kunaongeza milingano ya uongo kuliko ya kweli.

Alama ya ulinganifu peke yake haitoshi. Tunaangalia pia ukali wa kilele. Alama ya 0.5 yenye kilele chembamba ni nzuri kuliko 0.6 iliyotandazika kama tuta refu, kwa sababu tuta linamaanisha kipande kimekamatwa kwenye ufa mrefu na kinaweza kuteleza juu yake bila alama kushuka. Umbali wa kukata ufa unajulikana, umbali wa kufuata ufa haujulikani.

Kuchuja bila kuua mpaka

Njia ya kawaida ni kulinganisha kila mshale na thamani ya kati ya jirani zake na kufuta unaotofautiana sana. Katikati ya Aktiki inafanya kazi. Hapa inaharibu. Upande wa magharibi wa lango kuna barafu iliyoshikamana na pwani ya Greenland isiyosogea kabisa, na kilomita chache tu mashariki yake barafu inakimbia sentimita 20 kwa sekunde. Mrukano huo ni wa kweli. Kichujio cha jirani kinaona mishale miwili isiyokubaliana na kuifuta yote.

Kigezo chetu kikuu sasa ni safari ya kurudi. Kipande kikipatikana kwenye picha ya pili, tunakata kipande kipya hapo na kukitafuta kwenye picha ya kwanza. Kisiporudi ndani ya pikseli 2, mita 160, kinafutwa. Kichujio cha jirani kimebaki kwa yale tu yanayozidi kwa mbali, na hakivuki mpaka wa barafu tuli.

Projeksheni

Picha zote zimewekwa kwenye projeksheni (namna ya kuitandaza dunia kwenye ramani bapa) ya polar yenye namba EPSG:3413. Urefu wake ni sahihi kwenye latitudo 70 peke yake. Kwenye 79 kipimo ni 0.979, kwa hiyo umbali uliopimwa kwa kutoa viwianishi ni mfupi kwa asilimia 2.1. Kosa hilo ni la upande mmoja kwa kila mshale wa kila siku na wastani hauliondoi.

Mwelekeo ni mtego wa pili. Mhimili wima wa ramani hii haulali juu ya mstari wa kaskazini-kusini isipokuwa kwenye longitudo 45 Magharibi na upande wake wa pili wa dunia. Mwendo wa kuelekea kusini, ambao ndio unaovuka lango, ni

kusini = dx · sin(λ + 45°) − dy · cos(λ + 45°)

ambapo λ ni longitudo, hasi kwa magharibi. Kwenye 15 Magharibi hiyo ni 0.5 dx − 0.866 dy. Anayechukua dy peke yake kama “kaskazini-kusini” atapata ramani inayopendeza na jumla isiyo na maana. Sisi tunageuza ncha zote mbili za mshale kuwa latitudo na longitudo na kupima umbali juu ya umbo halisi la dunia, jambo linalomaliza kosa la urefu na la mwelekeo kwa pamoja. Fomula tumeibakiza kwa ukaguzi.

Ukaguzi

Barafu iliyoshikamana na pwani ni zawadi. Kwa kuwa haisogei wakati wa baridi, mshale wowote usio sifuri juu yake ni kosa la kuweka picha mahali pake. Kila jozi inapita hapo kwanza. Wastani wa mishale ya barafu tuli ukizidi pikseli moja, jozi inasimamishwa. Kiangazi barafu hiyo huweza kumeguka, basi kipimo hiki kina msimu wake.

Ukaguzi wa pili ni maboya ya mpango wa kimataifa wa Aktiki, wenye data tangu 1979. Boya hutoa mahali pake kwa GPS. Tunakadiria lilipokuwa kwenye sekunde ileile ya kila picha na kulinganisha umbali, si kasi. Kabla ya kuliamini, angalia kama bado liko juu ya barafu. Katika mlangobahari huu maboya mengi huishia majini, na yale yanayoelea huendelea kutuma kana kwamba hakuna kilichotokea. Joto la kifaa likitulia karibu na nyuzi -1.8 huku hewa ikiwa -20, limeoga.

Upepo ni kipimo cha tatu, cha kukisia tu. Fridtjof Nansen, aliyeiachia meli yake Fram ichukuliwe na barafu kati ya 1893 na 1896, aliona kwamba barafu hukengeuka digrii 20 hadi 40 kulia kwa upepo. Kasi yake ni takriban asilimia 2 ya upepo. Mlangobahari una jina la meli hiyo, lakini kanuni hii hapa haijitoshelezi, mkondo lazima uongezwe juu yake.

Jumla, na mapengo

Mtiririko wa siku ni jumla ya vipande 40: kasi ya kuelekea kusini mara urefu wa kipande mara sehemu ya maji iliyofunikwa na barafu. Hiyo ya mwisho tunaichukua kutoka ramani za kila siku za Chuo Kikuu cha Bremen, za kilomita 6.25, zinazotokana na kifaa cha AMSR2 cha Japani.

Tuseme kila mshale una kosa la nasibu la kilomita 0.5 kwa siku. Kwa lango la kilomita 425 na vipande 40 visivyotegemeana, kosa la jumla ni 0.5 × 425 ÷ √40, kama kilomita za mraba 34 kwa siku. Kosa hilohilo likiwa la upande mmoja halipunguzwi na mzizi wowote, linakuwa 212. Kwa hiyo muda wetu hatuutumii kunoa pikseli, tunautumia kuwinda makosa ya upande mmoja.

Lililo gumu kuliko yote ni mapengo. Ulinganishaji hushindwa pale barafu inapokimbia, inapovunjika, inapogeuka, yaani palepale penye mtiririko mkubwa. Ukijaza pengo kwa wastani wa mishale iliyosalimika, unajaza kwa barafu tulivu, na jumla inashuka. Ukiliacha tupu, umehesabu sifuri.

Tunajaza kwa ngazi. Kwanza jozi nyingine ya Sentinel-1 ya siku hiyo, hata kama ni ya saa 23. Ikikosekana, mwendo wa barafu unaotolewa na OSI SAF, kituo cha Ulaya cha data za setilaiti za bahari na barafu, wenye gridi ya kilomita 62.5 na muda wa saa 48. Lango zima linapata seli saba hivi, basi usitegemee kuona mpaka wa barafu tuli. Picha zake za msingi zina pikseli za kilomita 12.5, ambazo kwa saa 48 ni sentimita 7.2 kwa sekunde. Bila mbinu yao ya kutafuta kilele kati ya pikseli, kasi zingeruka kwa ngazi za ukubwa huo. Mwisho kabisa ni upepo wa ERA5, data ya Ulaya ya hali ya hewa iliyokokotolewa upya kwa modeli, pamoja na mkondo uliokadiriwa kutoka mishale ya siku jirani.

Yanayoendelea

Juni hadi Agosti theluji iliyolowa huzima alama kwenye rada, HV ikitangulia. Kwa miezi hiyo tunajaribu jozi fupi, za mizunguko michache ya siku moja, ambapo uso wa barafu haujapata muda wa kubadilika. Kadiri jozi inavyofupika ndivyo kosa la pikseli linavyokua kwenye kasi: pikseli moja ya mita 80 kwa saa 24 ni milimita 0.9 kwa sekunde, kwa saa 3.3 ni milimita 6.7. Bado inavumilika. Kupwa na kujaa ndiko kunakohitaji kuondolewa kwa modeli kabla ya kujumlisha, na kazi hiyo haijakamilika.

Jozi zinazochanganya 1A na 1C zinapita kwenye mnyororo uleule, ila mipaka ya kelele inasomwa kivyake kwa kila setilaiti.

Faili la matokeo lina safu sita kwa kila kipande cha lango: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, longitudo, mwendo wa kusini, kosa, na chanzo. Chanzo ni namba 1 hadi 4 kwa ngazi zilizotajwa: jozi kuu, jozi mbadala, OSI SAF, upepo. Mwenye kutaka mishale ya rada peke yake achuje 1 na 2, na ahesabu mwenyewe ni kilomita ngapi za lango zimebaki kabla ya kujumlisha.